Hukwe Zawose: Mgogo aliyeizungusha dunia na ilimba mkononi

Niko hapa Singida Mjini. Upepo ni ule ule, vumbi ni lile lile. Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi na wapo walioniuliza kwenye maoni kama nimepata ajira ama nimeoa. Bado yote mawili. Nilikuwa Manyoni kwa kina mama, kulikuwa na shughuli ya kifamilia, na huko ndiko nilikorudi na habari hii ya leo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, mwenye nafasi avute kiti.

Kwa wasionijua, baba yangu ni Mnyaturu wa hapa hapa na mama ni Mgogo wa Manyoni. Watu wengi wanadhani Wagogo wako Dodoma peke yake. Sio kweli. Mipaka ya mikoa iliwakuta watu wameshakaa, ikapita katikati yao. Nenda Manyoni, nenda Kilimatinde, Cigogo utakisikia mpaka uchoke. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga ilimba. Sikumkuta, alifariki kabla sijazaliwa. Ilimba yake nimeikuta. Iko juu ya kabati chumbani kwa mjomba, imefungwa kwenye gunia, na vyuma vyake viwili havipo.

Sasa basi, mjomba alitaka kuiuza. Kuna jamaa anazunguka vijijini ananunua vitu vya zamani, vibuyu, vigoda, mishale, halafu anavipeleka kwenye maduka ya watalii. Alikuwa ametaja elfu arobaini. Mimi nikapinga pale pale mbele ya watu, jambo ambalo kwetu sio adabu, nikamwomba radhi mjomba baadaye. Lakini yeye hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: nimtajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kula kwa kupiga kitu kile. Maana baba yake mwenyewe alikipiga miaka yote na alikufa akiwa na ng'ombe watatu.

Jibu nilikuwa nalo, ila kwa kweli nilikuwa nalo nusu. Jina nililijua, maisha ya mtu yule sikuyajua vizuri. Mpaka namaliza sekondari sikuwahi kulisikia jina lake darasani. Nililikuta mwenyewe kwenye simu, natafuta muziki usiku. Nikamwambia mjomba anipe siku chache. Haya yafuatayo ndiyo niliyomrudishia, nimeongeza ya kwenu.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 (wengine huandika 1940, mnajua tena wazee wetu na tarehe) katika kijiji cha Doduma, Dodoma. Hebu piga picha Ugogo wa wakati ule. Mvua za kubahatisha, mtama na uwele, ng'ombe ndio benki. Kama miaka ishirini hivi kabla hajazaliwa ilipita njaa kubwa ambayo wazee waliipa jina la Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita wakibeba nafaka, mifugo na wanaume wa kupagaza mizigo, halafu mvua nayo ikagoma. Watu walikufa wengi mno. Mtoto aliyezaliwa 1938 alilelewa na watu walioiona njaa ile kwa macho yao. Nayasema haya kwa sababu ukisikiliza ngoma za Wagogo bila kujua habari ya mvua, utaona ni watu wanacheza tu. Kumbe kuna nyimbo za kuombea mvua na baraka, kuna za jando, kuna za unyago, kuna za kazi. Kila moja ina wakati wake. Mzee mmoja pale Manyoni alinigombeza kwa kuimba ya jando jikoni.

Vijana wa Kigogo walichunga, na aliyechunga alikuwa na muda. Marimba ya mkono, zeze, filimbi, vyote hivyo vilikwenda machungani. Zawose muziki aliukuta nyumbani, akakua nao.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye chombo chenyewe, maana nimegundua hata sisi wenye damu ya huko hatukijui. Ilimba ni kisanduku cha mbao kilichochongwa kikawa wazi ndani, juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa vikawa bapa, vinapigwa kwa vidole gumba. Vinaweza kuwa zaidi ya 30. Ila sio vyote vinapigwa! Vingine viko pale ili viitikie. Ukigonga chuma kimoja, jirani yake ambaye hajaguswa naye anatetema. Ndiyo maana mtu mmoja akipiga unadhani wako watatu. Kuirekebisha sauti, chuma unakisogeza mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka sikio likubali.

Halafu kuna siri ya buibui. Kwenye kisanduku kuna matundu madogo, na juu ya matundu yale unabandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaoufanyia nyumba ya mayai ukutani, mwembamba kama karatasi ya sigara. Ukipiga, utando unavuma zzzz, unaipa ilimba ile sauti ya mkwaruzo. Mtu wa studio wa siku hizi angesema spika imekufa. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma hivyo haijakamilika.

Wanakwaya mtanielewa hapa. Ngazi ya sauti ya Wagogo haina fa wala la. Ina do, re, mi, sol, na si iliyoshuka kidogo. Haikuanzia kwenye kinanda cha mtu. Chukua zeze, gusa uzi katikati kwa kidole bila kuukandamiza, utapata sauti ya juu zaidi. Gusa kwenye theluthi, nyingine. Kwenye robo, nyingine. Uzi wenyewe unazo sauti hizo ndani yake, na Wagogo wakaimba humo. Ndiyo sababu wakiimba kwa makundi, huyu juu, yule chini, wengine katikati, hawagongani. Wazungu wamekuja na vyombo vyao kurekodi na kupima jambo hili. Hugh Tracey, yule aliyekusanya muziki kusini na mashariki mwa Afrika, alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi ngoma za makabila yetu, Wagogo wakiwemo. Zawose wakati huo alikuwa kijana mdogo wa miaka kumi na kitu.

Uhuru ukaja 1961 akiwa na miaka 23. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Tulifundishwa kwenye Civics tukakariri tukasahau. Lakini kwa mtu kama Zawose lile lilikuwa jambo kubwa sana. Serikali ya kikoloni na baadhi ya wamisionari walikuwa wameshawaambia watu ngoma ni ushenzi, wasomi wetu wakajua kucheza dansi za kizungu wakaona aibu ya za kwao. Sasa Rais anasema hapana, leteni ngoma zenu.

Sifa za Zawose zikamfikia Mwalimu, naye akamwita Dar es Salaam aje aishi na kufanya kazi huko. Nimejaribu kuwaza hiyo siku. Unachunga, unapiga ilimba kwenye misiba na sherehe za kijijini, unapewa pombe ya mtama na sahani ya ugali, halafu unaambiwa Rais anakutaka. Mjomba hapa alinikatiza, akasema huyo alikuwa na bahati, hakuna zaidi. Labda. Ila na wewe jiulize wapigaji wangapi walikuwepo Ugogo nzima wakati ule.

Akaingia kwenye kundi la ngoma la taifa. Kazi yake ikawa ni kupanda jukwaani kupigia wageni wa serikali, sikukuu za taifa, safari za nje. Na hapo pana jambo ambalo mimi linanisumbua, na nitalisema ingawa najua wengine mtanishambulia. Ngoma ya kundi la taifa haikuwa ile ya kijijini. Kule Doduma ngoma inaweza kukesha, inaanza inapotaka, wanaotazama ndio hao hao wanaocheza. Jukwaani unapewa dakika tano, mnavaa sare, mnatabasamu, halafu wanaingia Wamakonde na sindimba, halafu Wasukuma na nyoka wao. Wimbo wa kuomba mvua unaimbwa ndani ya ukumbi, mjini, watu wanapiga makofi. Wapo wazee waliosema, na bado wanasema, kwamba kule ni kuiua ngoma kwa kuipamba. Sidhani wamekosea moja kwa moja. Lakini ile ngoma ya kijijini iliyobaki bila kupelekwa popote, leo iko wapi? Ya babu yangu iko ndani ya gunia.

Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Yaani serikali inaelekea Ugogo, na Mgogo maarufu kuliko wote anaishi pwani. Mjomba alicheka sana hapo.

Miaka ikaenda, lile kundi la taifa likavunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hiki ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Zawose akahamia Bagamoyo kufundisha. Akawa mwalimu! Mtu ambaye elimu yake ilikuwa vidoleni na kooni, amesimama mbele ya vijana wenye vyeti anawaambia si hivyo, rudia. Na Bagamoyo si mahali pa bahati mbaya. Zamani misafara ya pembe na watumwa ilitoka pale pale ikapita Ugogo kuelekea Tabora, na Wagogo walikuwa wanawatoza hongo kwelikweli, hupiti wala huchoti maji bila kutoa kitu. Zawose aliiteremka njia ile ile kwa upande wa pili, akaishia pale ilipoanzia, na akajenga. Alifika kwanza yeye, wakaja ndugu, wakazaliwa watoto, mpaka kukawa na kijiji cha Wagogo kidogo ndani ya mji wa Waswahili na Wakwere. Watoto walizaliwa pwani wakakua wanaimba nyimbo za bara.

Hili la watoto ndilo lililonigusa kuliko yote. Alifundisha chuoni sawa, mshahara wa serikali, lakini chuo chake chenyewe kilikuwa uani kwake. Mtoto anatambaa, ngoma inapigwa. Anaanza kutembea, anafungwa njuga. Hakuna cheti.

Mwaka 1985 ikatoka sahani ya Tanzania Yetu, imetolewa London na kampuni ya Triple Earth. Wajapani nao wakamrekodi, na kule kwao wakampenda sana. Yaani kuna mzee Tokyo aliyekuwa na sauti ya Zawose kabatini kwake wakati mimi mjukuu wa mpiga ilimba nilikuwa naimba nyimbo za Marekani nisizozielewa maneno.

Ila mlango mkubwa ulifunguka miaka ya 1990 alipokutana na watu wa WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia nzima ambalo Peter Gabriel alikuwa mmoja wa walioanzisha, la kwanza likafanyika 1982. Gabriel huyo ana studio na kampuni yake, Real World, huko Uingereza. Mwaka 1996 wakatoa Chibite. Kwa wasiojua Cigogo, chibite ni twende. Mimi hiyo ndiyo niliyoianza nayo, na nilivyosikia lile neno kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ndivyo bibi alivyokuwa akituita kwenda kisimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatoka mbili zaidi. Moja inaitwa Assembly, aliifanya na Michael Brook, mtu wa gitaa na mitambo kutoka Canada. Nyingine ni Mkuki wa Rocho, ndivyo ilivyoandikwa, yaani mkuki wa roho, hiyo alikuwa na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, ambaye alikuwa mkono wake wa kulia jukwaani kwa miaka mingi. Nitasema ukweli wangu: Assembly naiheshimu lakini siipigi mara mbili. Mitambo imejaa, mzee yuko ndani yake kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya wenyewe. Ile ya pili unawasikia wawili wanahema. Kuna sehemu anashuka chini kabisa, sauti ya kifuani kama ng'ombe dume, halafu bila kukuaga yuko juu kama mtoto wa kike. Waandishi wa Ulaya walikuwa wanapenda kuandika kwamba koo lake lina oktava tano. Mimi sijazihesabu. Nilipompigia mjomba, aliweka simu sikioni akazima redio.

Mwaka 2002 Peter Gabriel akawachukua Hukwe na Charles kwenye ziara yake ya Growing Up, Marekani na Canada. Wadau, hizo ni kumbi za maelfu ya watu, sehemu wanazocheza mpira wa kikapu. Wagogo wawili wanatangulia jukwaani na ilimba na zeze, taa zote juu yao, watu wanaosubiri roki wanatulizwa na utando wa buibui. Baadaye wakapanda tena pamoja naye kwenye wimbo wake mmoja. Jamaa alikuwa na miaka zaidi ya sitini wakati huo.

Na huku nyumbani? Huku nyumbani tulikuwa tunataniana kwamba Mgogo ni ombaomba. Mnajua utani huo, hata mimi nimetaniwa shuleni kwa sababu ya mama, unaambiwa nyoosha mkono. Basi mwaka ule ule kuna Mgogo alikuwa ananyoosha mkono Madison na kwingineko huko, anapokea makofi, na sisi hatuna habari. Hili sitaki kulikuza sana, wapo Watanzania waliomjua na kumheshimu, hasa Bagamoyo na watu wa sanaa. Ila fanya jaribio: simama stendi ya Misuna asubuhi, uliza vijana kumi Zawose ni nani. Mimi nimefanya. Mmoja aliniambia ni beki wa Simba.

Alifariki tarehe 30 Desemba 2003, Bagamoyo. Alikuwa na miaka 65 ukifuata ile 1938. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Yaani mzee ameondoka, na aliyetegemewa kushika nafasi yake naye akaondoka kabla familia haijafuta machozi. Niliposoma hapo nilijua kabisa mjomba atasema nini, na ndicho alichosema: umeona, na kikafa hapo.

Hakikufa lakini. Familia iliendelea kupiga. Mmarekani mmoja wa banjo, Béla Fleck, alipokuja Afrika kutafuta chombo chake kilitokea wapi, alifika Bagamoyo kwa familia ya Zawose, ipo kwenye filamu ya Throw Down Your Heart ya mwaka 2008. Mtoto wake Msafiri Zawose alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, humo kaingiza midundo ya mashine na hakuomba ruhusa kwa mtu. Na mwaka 2024 wakatoka wanawake wawili wa nyumba hiyo hiyo, Pendo na Leah, wanajiita Zawose Queens, albamu yao inaitwa Maisha, imetolewa na Real World ile ile.

Hapa mama yangu ndiye aliyeingilia kati. Alikuwa anachambua mboga anatusikiliza mimi na mjomba tunabishana, akauliza mbona kila mtu tunayemtaja ni mwanaume. Kwa Wagogo ilimba na zeze zilikuwa za wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma ya muheme, ile ya kubanwa katikati ya mapaja, ambayo ilianzia kwenye unyago wa wasichana, na kwenye nyimbo za wanaume wao walikuwa waitikiaji nyuma. Hata kwa mzee Zawose ilikuwa hivyo, mabinti waliimba nyuma miaka na miaka, sifa akapata mwenye jina. Mama akasema yeye alikuwa akiishika ilimba ya babu akiwa hayupo nyumbani. Mjomba hakuwahi kulijua hilo! Wamekua nyumba moja. Nikawapigia Queens kwenye simu, mama akaacha mboga, akaanza kupiga muheme kwenye sufuria. Sijawahi kumwona vile.

Sasa nirudi kwenye swali la mjomba. Zawose alikula kwa ilimba? Alikula, alilisha na familia kubwa, alisafiri, alijenga. Lakini mjomba sio mjinga. Akaniambia, sawa, ila huyo ilibidi Rais amwite, halafu ilibidi Mzungu amwite. Angekaa Doduma angekula nini? Nikakosa jibu la haraka. Nimelifikiria njia nzima kwenye basi kutoka Manyoni mpaka hapa Singida na bado naona ana hoja. Kitu nilichomjibu ni kwamba Chamwino pale Ikulu, kijijini, wamekuwa wakifanya tamasha la muziki wa Cigogo tangu 2009, vikundi vinatoka vijijini vinakwenda kusikilizana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyeitwa na Mzungu kule. Akauliza wanalipwa shilingi ngapi. Nikasema sijui. Akasema nikijua nimwambie.

Lakini jioni ile ile aliishusha ilimba kabatini mwenyewe. Akalifungua gunia. Kwa nilivyomzoea nilidhani anataka kuipiga picha amtumie yule mnunuzi. Akaipuliza vumbi, akaipiga kwa gumba moja, sauti ikatoka kavu, haivumi. Akaigeuza akanionyesha matundu, utando ulishachanika zamani. Halafu akatoka nje na tochi ya simu, anakagua ukuta wa banda la mbuzi, ananiambia babu alikuwa anawatuma wao watoto kutafuta nyumba za buibui na aliyepata isiyotoboka alipewa karanga. Tukapata mbili. Moja niliichana mimi kwa haraka zangu. Ya pili aliibandika yeye, kwa mate tu, akaipiga tena.

Mama alikuwa ameshalala, akatoka na kanga.

Tatizo ni vile vyuma viwili. Bila hivyo kuna mahali mkono ukifika wimbo unadumbukia shimoni. Mjomba amekubali kumwambia yule jamaa wa elfu arobaini asubiri mpaka tuvune mtama, baada ya hapo hajaahidi kitu. Nimeuliza kwa wahunzi wawili hapa mjini, mmoja anatengeneza mageti, mwingine majiko ya mkaa, wote wananiambia niwaletee mfano wa chuma chenyewe na mimi chuma chenyewe ndicho sina. Mdau yeyote wa Manyoni, Bahi au Dodoma anayemjua fundi wa ilimba ambaye bado anafua vyuma kwa mkono na anajua kuvipangia sauti, naomba aniandikie hapo chini. Nauli ya kwenda ninayo, ya kurudi tutajua huko huko.